Majina ya watoto kutoka hadithi za miungu na sherehe za misimu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Nyanda za Juu Kusini

Tangu vijana waanze kuokota majina kwenye simu, kaunta yetu pale Mwanjelwa, Mbeya, tunakochapa kadi za ubatizo na kusaidia watu kujaza fomu, imekuwa uwanja wa mabishano. Baba kaja na Odin kaliandika kwenye kikaratasi, mama mkwe kaja na Lusajo kichwani, na mtoto mwenyewe yuko mgongoni amelala. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayorudi zaidi. Nimeyajibu kama ninavyojibu kaunta, ila hapa hakuna foleni inayonisukuma.

Majina haya ni yapi, na yametoka wapi?

Ni majina ya miungu, mashujaa na sikukuu za dini zilizokuwepo kabla ya Ukristo kuenea Ulaya. Kwa Wagiriki kuna Artemis, Apollo, Persephone, Iris. Kwa Warumi kuna Diana, Aurora, Luna. Skandinavia kuna Freya, Thor na Odin, na kwa Waselti wa Ireland na Wales kuna Brigid, Lugh na Rhiannon. Wapo Wazungu waliozirudia dini hizo waziwazi. Kule Iceland chama cha waumini wa miungu ya kale ya Skandinavia kilitambuliwa na serikali mwaka 1973. Lakini wengi wanaomwita binti yao Freya hawachinji mbuzi kwa yeyote. Jina limewapendeza, basi. Uingereza sasa hivi ukiita Freya kwenye darasa la watoto wadogo, kuna uwezekano mkubwa mtu akaitika.

Mimi ni Mkristo. Je, mchungaji au padri atakubali kumbatiza mtoto mwenye jina la mungu wa kipagani?

Fungua daftari la ubatizo la parokia yoyote kati ya Mafinga na Tunduma, kisha tuzungumze.

Dionisi ni mtu wa Dionysus, mungu wa divai wa Wagiriki. Isidori ni zawadi ya Isis, mungu mke wa Misri. Demetri ni wa Demeter, mungu mke wa nafaka. Silvano ametoka kwa Silvanus, mungu wa misitu wa Warumi. Martini na Marko wote wanarudi kwa Mars, mungu wa vita. Fortunata ana Fortuna ndani yake, yaani mungu mke wa bahati. Flora ndiye Flora mwenyewe, wala hakubadilishwa hata herufi: mungu mke wa maua, ambaye Warumi walimfanyia sherehe iliyoanza tarehe 28 Aprili na kuingia mwezi Mei. Na kama unaye mjomba anayeitwa Januari, jina lake limepita kwa Janus, mungu wa milango, mwenye nyuso mbili.

Ukisema hayo ni ya Warumi, hayamo kwenye Biblia, nakurudisha kwenye Biblia. Apolo wa Matendo 18 ana jina la Apollo. Fibi, dada yetu wa Warumi 16, ana jina la Phoebe, mmoja wa kizazi cha kale cha miungu ya Wagiriki, bibi yake Apollo na Artemis. Epafrodito wa Wafilipi kabeba Aphrodite mzimamzima. Mordekai amepata jina kwa Marduk, mungu mkuu wa Babeli. Na Abednego, ambaye ninao kadhaa ninaowafahamu kwa sura, wataalamu wengi wanakubaliana kwamba maana yake ni mtumishi wa Nebo, mungu wa uandishi wa Babeli, yuleyule ambaye Isaya 46 inasema ameinama. Hakuna aliyewahi kumfuata Abednego akamwambia abadili jina. Alivuka tanuru nalo.

Kilichotokea ni kwamba watu walibatizwa na majina waliyokuwa nayo, wengine wakafa mashahidi, na baada ya hapo jina likawa la mtakatifu. Ndiyo maana mchungaji hashtuki kwa Silvano lakini anaweza kushtuka kwa Thor. Thor hana mtakatifu anayejulikana huku kwetu.

Kwa Wakatoliki, kanuni ya 855 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inawataka wazazi, wasimamizi na paroko waangalie lisitolewe jina lililo geni kwa hisia ya Kikristo. Haisemi lazima liwe la mtakatifu. Kwa hiyo Diana au Iris litapita bila kelele. Lusifa halitapita, na usijaribu. Njia inayotumika sana ni kumpa mtoto jina la ubatizo pembeni, kwa mfano Freya Maria. Kwa Wamoraviani na Walutheri sijaona kanuni iliyoandikwa inayozuia, ila nenda ukaongee na mchungaji wiki mbili kabla, usisubiri mtoto awe kwenye maji ndipo utamke jina.

Hizo sherehe za misimu ni zipi, na zinatoa majina gani?

Wapagani wa leo wa Ulaya na Marekani wana kalenda ya sherehe nane. Wengi wanadhani ni ya kale yote, kumbe mpangilio wa nane pamoja uliunganishwa katikati ya karne ya 20. Sherehe zenyewe, baadhi ni za kale kweli, baadhi zina jina la juzi.

Samhain, usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba, ni ya kufunga mavuno na kukumbuka wafu. Hutamkwa kama "Sowin", kwa hiyo ukimwandika mtoto hivyo ujue utaeleza maisha yako yote. Sherehe iitwayo Yule huwa karibu tarehe 21 Desemba, usiku mrefu kuliko wote kaskazini mwa dunia. Imbolc ni tarehe 1 Februari na ni ya Brigid, na hapa pana jambo la kupendeza: Ireland ina mungu mke Brigid na ina Mtakatifu Brigid wa Kildare, na siku yao ni hiyo moja. Tangu mwaka 2023 Ireland imeifanya sikukuu ya taifa ya mapumziko. Brigita wetu wengi ni wa mtakatifu mwingine, Brigita wa Sweden, lakini jina kwa asili ni hilohilo.

Ostara ni ya Machi, mchana na usiku vinapolingana. Ushahidi wake ni mwembamba: mtawa Bede wa Uingereza aliandika mwaka 725 kwamba Waingereza wa zamani walikuwa na mungu mke Eostre na mwezi wenye jina lake, na Jacob Grimm mwaka 1835 akakisia kwamba Wajerumani nao walikuwa na Ostara. Kwa hiyo Ostara ni jina zuri lenye msingi wa sentensi chache tu. Beltane ni tarehe 1 Mei. Kule Ireland walikuwa wakipitisha ng'ombe katikati ya mioto miwili ili wasipatwe na maradhi, jambo ambalo mfugaji wa Usangu angelielewa haraka kuliko mtu wa London. Litha ni ya Juni, na Bede ndiye aliyeliandika pia, kama jina la miezi. Lughnasadh, tarehe 1 Agosti, ni ya mungu Lugh, aliyeianzisha kwa heshima ya mama yake mlezi Tailtiu. Na Mabon ya Septemba ilipewa jina hilo miaka ya 1970 huko Marekani, kutoka kwa kijana wa hadithi za Wales. Ukitaka jina la kale kuliko babu yako, Mabon kama mtu ni la kale, ila Mabon kama sikukuu si la kale.

Sasa mbona Desemba kwetu ndiyo mvua? Mtoto aliyezaliwa Njombe mwezi Juni ni wa Yule au wa Litha?

Swali zuri kuliko yote yaliyomo humu.

Tuko kusini mwa ikweta. Tarehe 21 Desemba kwetu ndiyo siku ndefu, na usiku mrefu ni ule wa Juni. Wapagani wa Australia na New Zealand wameigeuza kalenda yote: Yule wanaifanya Juni. Kwa mtoto wa Makete au Njombe aliyezaliwa Juni, wakati barafu ya alfajiri imekaa juu ya majani ya viazi na watu wanapumua moshi, Yule linamfaa kuliko mtoto wa Krismasi anayezaliwa mvua zikipiga bati.

Lakini usiivute mbali sana. Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini, na tofauti ya siku ndefu na siku fupi ni kama saa moja tu. Hakuna mtu wa Uyole aliyewahi kukaa akiogopa kwamba jua halitarudi. Sherehe za Ulaya zilijengwa juu ya hofu hiyo. Huku kwetu hofu ni nyingine, ni mvua. Jua linapita utosini mwetu mara mbili, katikati ya Oktoba na mwishoni mwa Februari, na wala hatufanyi sherehe. Tunachotazama ni wingu la kwanza la Novemba, na Rungwe na Kyela hata hilo hawalisubiri sana kwa sababu mvua zao hazina likizo ndefu.

Kama unataka jina la msimu lenye mizizi hapa, angalia Kilimia. Ni lile kundi dogo la nyota zilizosongamana. Huchomoza jioni mwezi Novemba, mvua zinapoanza na majembe yanapotoka, na hupotelea kwenye machweo mwezi Mei, mvua zinapokatika. Wahenga wa pwani walisema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Wagiriki waliziona nyota hizohizo wakazifanya mabinti saba, na mkubwa wao ni Maia, anayefanana jina na mungu mke wa Warumi aliyetajwa kuwa asili ya mwezi Mei. Waarabu huziita Thuraya, na Thuraya au Suraya ni jina la kike unalolisikia mpaka Tanga. Mimi nikiulizwa nichague jina moja katika ukurasa huu wote, ni Kilimia. Mpaka leo hakuna aliyelichukua, wote hucheka kwanza.

Jina litatamkika?

Ita kwa sauti kubwa ukiwa jikoni, mtoto akiwa ng'ambo ya shamba. Likikwama kooni, liache.

Kinyakyusa cha wazee hakina R. Nilimsikia bibi mmoja Tukuyu akimwita mjukuu wake Aurora, jina la mungu mke wa mapambazuko wa Warumi. "We Aulola! Aulola, njoo ule!" Mtoto alikuja mbio, na mama mtu akabaki amejikunja uso. Kwangu mimi Aulola lilisikika tamu kuliko lililoandikwa kwenye kadi. Ila kama sikio lako halitavumilia, chagua Luna, Diana, Selene au Maia, ambayo hayana pa kukwama.

Hera ni hatari zaidi. Ni mke wa Zeus, malkia wa miungu, jina fupi na safi. Kwa bibi yuleyule litakuwa Hela, na mtoto wako ataitwa pesa mpaka anamaliza darasa la saba. Watoto wa shule hawana huruma. Na Kali, mungu mke wa Wahindu, kwa Kiswahili linajieleza lenyewe. Isis lilikuwa jina zuri kabisa mpaka wale wapiganaji wa Syria na Iraki walipojulikana duniani kwa herufi hizohizo. Sasa mtoto atakutana na maswali kila akikata tiketi ya ndege. Isidora litambebea maana ileile bila usumbufu.

Persephone watu hulisoma "Pasefoni". Rhiannon linakuwa Rianoni, na hilo halina ubaya. Freya linakubali vizuri. Thor linaishia kuwa Tori au Toa, na "Toa!" ni amri.

Je, sisi wa Nyanda za Juu hatuna majina ya namna hii?

Tunayo, na wengi wanaokuja na orodha ya simu hawajawahi kukaa na babu wakauliza.

Simulizi za Wanyakyusa zinasema watawala wao walishuka kutoka Ukinga, juu kwenye Milima ya Livingstone, wakawakuta wenyeji wakila chakula kibichi. Walikuja na moto, ng'ombe na mbegu. Wagiriki wana Prometheus aliyeuiba moto kwa miungu akafungwa mwambani. Wetu waliteremka nao mchana kweupe na wakapewa uchifu. Mkubwa katika hao ni Lwembe, aliyekaa Lubaga, kwenye nchi ya Mlima Rungwe. Upande wa Ungonde, ambako leo ni Malawi, mwenzake ni Kyungu. Monica na Godfrey Wilson, waliofanya utafiti Unyakyusa kati ya 1934 na 1938, waliandika kwamba afya ya Lwembe ilihesabiwa kuwa afya ya nchi: mwili wake ukidhoofu, mvua na mazao na uzazi vyote viko mashakani, na kwa hiyo wazee hawakumwacha afe kwa maradhi yake mwenyewe. Msitu wa Lubaga ulikuwa mahali pa kutambikia.

Kwa Wahehe kuna Mufwimi, yaani mwindaji, mgeni aliyekuja na mbwa zake na mkuki, akampenda binti wa chifu. Mtoto aliyezaliwa akaitwa Muyinga, na ukoo wa watawala wa Uhehe unajihesabu kutoka kwake. Ndiyo sababu jina la Mtwa Mkwawa likiandikwa kwa urefu linaishia Mwamuyinga. Ukimwita mtoto wa kiume Muyinga, umempa jina la simulizi lenye uzito uleule wa Romulus kwa Warumi, na mzee yeyote wa Kalenga atamwangalia mara mbili.

Halafu kuna majina ya Kinyakyusa ambayo yamezoeleka kiasi kwamba hatuyasikii tena: Lusajo ni baraka, Lugano ni upendo, Lusekelo ni furaha, Ipyana ni neema, Atupele ni ametupa, Gwakisa ni wa huruma, Gwamaka ni wa nguvu. Haya ni ya imani, si ya kipagani, lakini yameundwa kwa namna ileile ya zamani: jina ni sentensi fupi inayosema kilichotokea siku ile.

Na ukitaka mfano ambao hakuna Mtanzania atakayeubishia, Baba wa Taifa alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, masika, mvua inanyesha. Akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua wa Wazanaki. Baba yake aliitwa Nyerere kwa sababu mwaka aliozaliwa viwavi walivamia mashamba. Mwaka 1943 akabatizwa Julius, jina la ukoo wa Roma uliojigamba kwamba bibi yao mkuu ni Venus. Mzimu wa mvua, viwavi, na Venus kwa mbali. Naye akaenda kanisani kila siku mpaka uzee wake.

Basi naweza kumwita mwanangu Lwembe? Au Kyala?

Polepole. Lwembe si jina la mtu mmoja tu, ni cheo kilichorithiwa, na zipo koo zinazojiona ndizo wenyewe. Kama damu yako haifiki huko, nenda kwanza kwa wazee wa Rungwe ukaulize. Hawatakula. Pengine watakwambia sawa, pengine watakupa jina jingine la ukoo wako ambalo hukulijua, na hiyo ndiyo faida ya safari.

Kyala ni jambo jingine. Katika simulizi za zamani alikuwa mmoja wa wakubwa hao walioshuka kutoka Ukinga. Wamisionari walipolichagua kuwa neno la Mungu kwa Kinyakyusa, likapanda juu na likabaki huko. Leo ukimwita mtoto Kyala peke yake ni kama umemwita Mungu. Vivyo hivyo Nguluvi kwa Wahehe na Wabena, au Nguluve kwa Wakinga. Usilitoe.

Nina mapacha. Kuna jozi nzuri?

Apollo na Artemis kwa wa kiume na wa kike. Freyr na Freya nao ni ndugu, huenda pacha, na maana zake ni Bwana na Bibi, lakini kwenye foleni ya chanjo nesi atakuchukia. Castor na Pollux, mapacha wa hadithi za Wagiriki, wanajulikana zaidi. Hata meli iliyomchukua Paulo kutoka Malta katika Matendo 28 ilikuwa na nembo yao. Kastori tayari liko kwenye madaftari yetu, Pollux sijaliona. Ujue tu kwamba kwenye hadithi Castor anauawa, na Pollux, ambaye hawezi kufa, anaomba agawane naye uhai.

Zamani Unyakyusa kuzaliwa kwa mapacha kulikuwa jambo la hofu, wazazi walitengwa na kupewa dawa mpaka mambo yatulie. Kwa hiyo bibi akinyamaza ukimwonyesha picha ya watoto, usidhani ni majina. Na Kulwa na Doto, ingawa yametoka Usukumani, bado hayajashindwa na jozi yoyote.

Sisi ni Waislamu. Kuna nafasi?

Kwa majina ya miungu, hapana, na sababu iko wazi: Kurani yenyewe, katika sura ya An-Najm, inawataja Lata, Uzza na Manata ili kuwakataa, na majina ya namna ya "mtumwa wa" asiyekuwa Mwenyezi Mungu yalibadilishwa tangu wakati wa Mtume. Lakini kwa majina ya anga na misimu mna hazina: Shamsa, Hilali, Badru, Najma, Thuraya niliyemtaja juu. Ramadhani, Shabani na Rajabu ni majina ya miezi. Na pwani wapo akina Mwaka, waliozaliwa siku ya kuukaribisha mwaka. Ongeeni na shehe wa msikiti wenu.

Jina baya linaweza kumletea mtoto mkosi? Nimesikia Loki wa Skandinavia ni mwongo na Persephone alitekwa.

Sioni hivyo. Nimewahi kuwachapia kadi akina Sikujua, Matatizo na Shida waliokua wakawa watu wazima wenye nyumba na magari. Lakini soma hadithi yote kabla ya kumpa mtoto jina, kwa sababu mtoto atakuja kuisoma.

Persephone ametekwa, kweli, na Hades, mungu wa kuzimu, akampeleka chini ya ardhi. Mama yake Demeter akaomboleza mpaka mimea ikagoma. Mwisho wakakubaliana binti akae chini sehemu ya mwaka na juu sehemu iliyobaki. Nenda Mbarali au Ismani mwezi Septemba, utazame mabua ya mahindi yaliyosimama makavu na vumbi jekundu juu yake, kisha urudi Januari. Hadithi ile ni ya mkulima, na haina mkosi wowote. Loki ni suala la ladha. Mimi nisingempa mtoto wangu, maana kila kikombe kikivunjika mtasema tuliyataka wenyewe.

Vipi kuhusu sikukuu zetu wenyewe?

Tumekuwa tukizitumia bila kuona ajabu. Noeli na Natalia wa Krismasi, Paskali wa Pasaka, Epifania wa Januari, Sabasaba aliyezaliwa tarehe 7 Julai. Nane Nane je? Tarehe 8 Agosti, viwanja vya John Mwakangale hapa Mbeya vinajaa ng'ombe waliooshwa, mahindi marefu kuliko watu na mabanda ya pembejeo, wiki moja tu baada ya ile Lughnasadh ya Waselti iliyokuwa nayo ya mavuno ya kwanza, yenye maonyesho na michezo na minada. Kama jina Nanenane halikupendezi, na silaumu mtu, chukua Mavuno. Linafaa kike na kiume, na kanisani wana ibada ya jina hilo.

Masika ni zuri. Umande ni zuri sana kwa msichana. Kipupwe nimeshauri watu waliache. Ni la msimu kweli, lakini masikio ya watoto yatalifanyia mambo. Flora nalirudia hapa kwa ajili ya watu wa Kitulo: uwanda wenu wenyeji wanauita Bustani ya Mungu, ukawa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa sababu ya maua yake, na kati ya Desemba na Aprili huwezi kukanyaga bila kukanyaga ua. Binti wa Makete aliyezaliwa Februari akiitwa Flora amepata jina kamili la mahali na la msimu, na padri hatauliza kitu.

Kwenye cheti cha kuzaliwa nitaandikaje?

Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano huku kwetu cheti cha RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, kinapatikana bila malipo kwenye vituo vya afya na ofisi za kata. Mbeya ilikuwa ya mwanzo kwenye mpango huo, mwaka 2013. Fomu haikuulizi jina ni la mungu gani. Itakachokuuliza ni tahajia, na huko ndiko watu wanakoumia.

Andika jina kwa herufi kubwa kwenye karatasi kabla hujatoka nyumbani. Mkabidhi mwandishi karatasi, usimtamkie. Freya nimeshaliona likiwa Freyah, Fraya, Flea na Fureya. Hakikisha kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo na cheti cha kuzaliwa vinafanana herufi kwa herufi, maana shule itafuata kimoja na kitambulisho cha Taifa kitafuata kingine. Kurekebisha baadaye kunahitaji wakili, hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati, na nauli nyingi.

Mume wangu anataka Thor, mimi nataka Ipyana, mama yake anataka jina la marehemu babu. Nani ashinde?

Babu kwanza, kwa sababu yeye hawezi kujitetea. Ipyana la pili, ndilo atakaloitwa nyumbani. Thor liwe la simu na la mpira. Akifunga goli pale Sokoine watalipenda wenyewe. Kama jina la ukoo wenu linaanza na Mwa-, jina la mwisho litakuwa refu tayari, hivyo mweleze mumeo kwamba kisanduku cha fomu kina mwisho wake, na Thor ndilo fupi kuliko yote, litapata pa kukaa.